Tumbo joto la mtahiniwa si uongo

Msimu wa mtihani wa KCSE hauji peke yake. Huja na foleni nje ya msala wa shule. Watahiniwa waliolala wakiwa wazima huamka wakiharisha, na wengi wetu walimu huwatazama kwa jicho la shaka. Husemwa kuwa ni waoga, au wanatafuta mwanya wa kwenda kuchungulia vikaratasi. Mimi ni mmoja wa waliosema hivyo. Niliwahi kumnyima msichana mmoja ruhusa ya kutoka katika chumba cha mtihani. Aibu iliyompata mbele ya wenzake sina haja ya kuieleza, wala karatasi yake hakuimaliza.

Leo nakiri kuwa nilikosea, tena nilikosea katika somo ninalolifundisha mwenyewe.

Waswahili husema mwenye wasiwasi ana tumbo joto. Usemi huo una ukweli kuliko tudhanivyo. Kila siku, lita nane hivi za majimaji hupita katika utumbo wa mtu mzima: vinywaji, mate, nyongo, na maji ya tumbo na kongosho. Karibu yote hurejeshwa mwilini. Yatokayo na choo hayafiki hata robo lita. Kazi hiyo hufanywa na chembechembe za utando wa ndani wa utumbo, na siri yake ni chumvi. Sodiamu ikinyonywa kuelekea kwenye damu, maji huifuata. Kloraidi ikimwagwa ndani ya utumbo, maji huifuata vilevile.

Hofu inapoingia, ubongo hutoa homoni ambayo wataalamu huiita CRF. Homoni hii ndiyo ianzishayo safu ya amri ambayo mwisho wake ni tezi zilizo juu ya figo kutoa kotisoli. Lakini CRF haiishii hapo. Kwa njia ya mishipa ya fahamu huuharakisha utumbo mpana, na ndani ya utumbo wenyewe huchochea umwagaji wa kloraidi. Maji huongezeka, muda wa kuyanyonya hupungua, na mtoto hukimbilia msalani. Kotisoli nayo huusaidia utumbo kunyonya sodiamu zaidi, ila kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Mtihani haungoji.

Basi je, mwalimu anayemkemea mtoto huyo anatibu nini? Anaongeza hofu juu ya hofu, yaani anachochea kilekile kilichomwendesha.

Najua nitaambiwa kuwa ruhusa ni mlango wa udanganyifu. Sikatai kuwa wadanganyifu wapo. Lakini dawa ya udanganyifu ni msimamizi kumsindikiza mtahiniwa hadi mlangoni mwa msala na kumrudisha, si kumtesa mgonjwa kwa kosa la mwingine.

Wala nisieleweke kuwa kila kuharisha ni hofu. Wanafunzi wengi wakiugua kwa pamoja, au mmoja akiwa na homa, damu katika choo, au choo cha majimaji kisichokatika, apelekwe hospitali mara moja. Kipindupindu hakijali ratiba ya mtihani. Na yeyote anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo sahihi. Sukari hiyo si ya kuleta utamu: glukosi na sodiamu huingia pamoja kwa mlango mmoja wa chembechembe za utumbo, na maji yakazifuata.

Nanyi wanafunzi, tumbo likiwaendesha asubuhi ya mtihani, msidhani mmelaaniwa au kwamba masomo yenu yamepotea. Ni mwili unaojibu wito wa ubongo. Semeni mapema, kunyweni maji, mketi karibu na mlango.

Walimu wenzangu, tunawafundisha watoto hawa homoni ubaoni kisha tunawaadhibu kwa kuwa nazo. Mtahiniwa akiinua mkono, tumwamini kwanza.