Tusiyasahau Magurudumu ya Tela

Msimu wa mavuno unapowadia, kazi ya kuyatoa mazao shambani na kuyafikisha ghalani huangukia chombo ambacho watu wachache hukitupia jicho. Chombo hicho ni tela. Mpunga wa Mbarali, miwa ya Kilombero na pamba ya Kanda ya Ziwa mara nyingi huanza safari yake juu ya tela linalovutwa na trekta. Tangu Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila nazo zimeenea vijijini, na si ajabu kuziona zikivuta tela barabarani hata katika miezi ambayo hakuna anayelima. Shule za bweni, vyuo, halmashauri na miradi ya maji nazo zinayo matela ya kubebea kuni, mahindi, mchanga na matangi.

Kwa hiyo suala la usalama wa matela haliwahusu madereva na mafundi peke yao. Linamhusu mtumishi wa umma anayetia saini kibali cha safari, mwalimu mkuu aliyekabidhiwa mali ya shule, na ofisa anayeandika makadirio ya matumizi ya idara yake. Hao ndio wanaoamua, kwa kujua au kwa kutojua, kama gurudumu la tela litafika salama au litachomoka njiani.

Kwa nini tela lisahauliwe kuliko trekta lenyewe? Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Trekta lina injini, na injini husema. Ikipungukiwa mafuta hulia, ikichoka hutoa moshi, na ikikataa kuwaka kazi yote husimama mpaka fundi aitwe. Tela halina sauti ya namna hiyo. Gurudumu lake linaweza kulegea, tairi lake likapungua upepo, na kitovu chake, ambacho mafundi hukiita habu, kikaungua, wakati dereva aliyekaa mbele hasikii wala hahisi lolote. Mara nyingi habari za kwanza humfikia baada ya tairi kupasuka au gurudumu kumpita likibingirika peke yake. Na gurudumu lililochomoka halichagui njia. Linaweza kuishia mtaroni, na linaweza vilevile kumkuta mama aliyebeba ndoo au mtoto anayetoka shuleni.

Hatari hiyo huongezeka kwa sababu tela ni chombo cha msimu. Mavuno yakiisha, huegeshwa chini ya mwembe au nyuma ya karakana, na hapo hukaa miezi mingi kwenye jua na mvua. Watu hudhani kwamba chombo kisichotumika hakichakai. Dhana hiyo ni potofu. Jua hukausha mpira wa tairi mpaka ukaanza kupasuka ubavuni, hata kama kashata zake bado ni nzima. Uzito wa tela hukandamiza sehemu moja ya tairi kwa muda wote huo. Maji yaliyopenya ndani ya habu hula beringi kwa kutu polepole. Kisha siku ya kwanza ya mavuno tela hilohilo hutolewa, hujazwa magunia mpaka juu, na kupelekwa barabarani bila kukaguliwa. Siku hiyo ndiyo inayostahili kuogopwa kuliko zote.

Lipo jambo jingine ambalo walimu wa fizikia wanaweza kuwaeleza wanafunzi wao kwa mfano ulio karibu. Tela lililotembea umbali mrefu habu zake huwa na joto. Likiingia mtoni au kwenye dimbwi refu, habu hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani husinyaa, na maji huvutwa kupita mpira wa kuzuia grisi. Maji yakichanganyika na grisi, grisi hupoteza nguvu yake ya kulainisha, vyuma husagana, na msuguano huzaa joto jingi zaidi. Beringi huanza kunguruma, hubadilika rangi kuwa ya buluu, na hatimaye huvunjika. Ndiyo maana tela linalovuka mito na madimbwi huhitaji kufunguliwa na kutiwa grisi mpya mapema kuliko lile linalopita barabara kavu.

Watu watauliza: je, ukaguzi huo si kazi ya wataalamu, na je, fedha zitatoka wapi? Maswali hayo ni ya haki na yanastahili jibu. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya ukaguzi huhitaji macho, mikono, masikio, jeki na spana, pamoja na nusu saa ya muda.

Tuanze na nati. Nati iliyolegea huacha dalili. Mistari ya kutu inayoanzia kwenye nati na kuelekea ukingoni mwa rimu, chuma kinachong'aa mahali ambapo hakikupaswa kusuguliwa, au tundu la boliti lililopanuka na kuwa na umbo la yai, yote hayo ni ushahidi kwamba gurudumu limekuwa likicheza. Nati hazifungwi kwa kuzunguka moja baada ya nyingine. Hufungwa kwa kuruka upande wa pili, ili rimu ikae sawasawa, na kwa nguvu iliyoagizwa na mtengenezaji. Gurudumu likitolewa na kurudishwa, nati hazina budi kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kwa maana rangi na kutu vilivyobanwa katikati hulainika na kuacha nafasi.

Beringi nayo hukaguliwa bila kufunguliwa. Tela likiwa tupu, mahali palipo tambarare, na magurudumu mengine yamewekewa vizuizi, gurudumu moja huinuliwa kwa jeki. Mkaguzi hulishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza kupita kiasi, beringi imelegea au imekwisha. Kisha hulizungusha na kusikiliza. Likikwaruza au kunguruma, habu lazima ifunguliwe. Njiani, kila dereva anaposimama, akaribishe mgongo wa mkono wake kwenye kila habu. Ile iliyo ya moto kuliko wenzake inatoa onyo, na safari isiendelee kabla chanzo chake hakijajulikana.

Fundi akifungua habu, aioshe beringi kwa mafuta ya taa, aikaushe, aijaze grisi safi mpaka ndani ya vipingili vyake, na aweke mpira mpya wa kuzuia grisi. Nati ya katikati ikikazwa mno beringi huungua. Ikiachwa wazi mno gurudumu huyumba. Na ile pini ndogo inayozuia nati hiyo isifunguke isibadilishwe kwa msumari. Pini ni kitu cha bei ndogo sana, lakini ndiyo inayolizuia gurudumu lisiachane na ekseli.

Kuhusu matairi, upepo upimwe kwa geji kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi. Desturi ya kulipiga tairi kwa nyundo au kwa mguu haitoshi, kwa kuwa tairi lililopungua upepo kwa kiasi cha hatari linaweza kuitika kama tairi zima. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na hupasuka. Pale ambapo magurudumu yamefungwa mawilimawili, la ndani likipungua upepo la nje hubeba mzigo wa wote wawili. Umri wa tairi nao husomeka ubavuni: kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho katika namba ya kiwandani huonyesha wiki na mwaka, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ofisa anayepokea matairi kutoka kwa mzabuni hana budi kuzisoma tarakimu hizo kabla ya kutia saini, maana tairi lililozeeka ghalani si tairi jipya hata kama halijawahi kukanyaga barabara.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachoingia barabarani kiwe katika hali ya usalama, na tela halikusamehewa. Hata hivyo, ajali inapotokea, kidole huelekezwa kwa dereva peke yake. Ni kweli kwamba wapo madereva wazembe, na hao wawajibishwe. Lakini dereva hashiki ufunguo wa ghala la vipuri, haidhinishi ununuzi wa grisi, na mara nyingi huambiwa mzigo lazima ufike leo. Kumwachia lawama zote mtu asiye na mamlaka ni kuukimbia wajibu.

Yapo mambo manne yanayoweza kufanyika bila kungoja waraka kutoka juu. Kwanza, kila tela liwe na daftari lake, tofauti na lile la trekta, ambamo tarehe ya kutiwa grisi, kubadilishwa tairi na kukazwa nati itaandikwa pamoja na jina la aliyefanya kazi hiyo. Pili, tela lililokaa nje ya kazi lisitoke kabla habu zake hazijafunguliwa na kuangaliwa. Tatu, anayetia saini kibali cha safari aone kwanza ukurasa wa ukaguzi wa siku hiyo, na saini yake ihesabiwe kuwa ni ya trekta na tela kwa pamoja. Nne, dereva anayekataa kuvuta tela bovu alindwe na mkuu wake wa kazi badala ya kuhesabiwa kuwa ni mkaidi.

Tena, tela la mizigo lisigeuzwe kuwa basi la wanafunzi waendao michezoni au la waombolezaji waendao mazishini. Gunia likianguka linaweza kuokotwa.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kopo la grisi na mpira mmoja wa habu ni gharama ambayo shule au halmashauri yoyote inaweza kuimudu. Gharama ya gurudumu lililochomoka na kuingia katikati ya watu hakuna bajeti inayoweza kuilipa. Basi, kabla ya kibali cha safari ya kesho hakijatiwa saini, yule mwenye kalamu na ainuke kitini, aende uwanjani, alizunguke tela na kuyatazama magurudumu yake moja baada ya jingine.