Mngurumo Usio na Maneno: Je, Nao ni Sanaa?

Tangu somo la kwanza la uhakiki, sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza wimbo unatufunza nini. Swali hilo huzaa matunda katika taarabu na nyimbo za jando. Je, tuuambie nini wimbo usio na neno hata moja linalosikika?

Nazungumzia graindikoo, tawi kali la muziki wa roki lililochipuka Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1980. Albamu ya Scum ya kundi la Napalm Death (1987) ina wimbo, "You Suffer", unaokwisha kwa sekunde moja na ushei. Wengi huuita upuuzi. Kwangu ni kichekesho kilichokamilika: kabla hujatega sikio, umekwisha.

Mzaha huo umekolea zaidi katika Jamhuri ya Cheki. Kundi la Gutalax, lililoanza mwaka wa 2009, lina jina linalokaribiana sana na la dawa ya kulainisha choo. Wanamuziki huvaa mabwelasuti meupe. Mwimbaji hukoroma na kulia mithili ya nguruwe. Nao mashabiki hupunga burashi za kusugulia choo na kurusha karatasi za shashi. Ngoma nazo haziendi mbio tu. Ghafla hupunguza kasi zikadunda kwa mwendo wa kuchezeka, hata aliyekuja kushangaa akajikuta anatikisa mabega. Hapo ndipo penye utamu: koo linatisha, mdundo unachekesha, na kinachochezeka hakitishi tena.

Mikhail Bakhtin, katika kitabu chake cha 1965 kuhusu Rabelais, alikieleza kicheko cha aina hii, kinachomshusha kila mkubwa hadi tumboni. Watani wetu walikijua bila kumsoma. Mtani hufanya mzaha hata msibani na wafiwa wasikasirike. Naam, zipo nyimbo za jamii hii zinazowadhalilisha wanawake. Hizo sizitetei, maana hata utani una mipaka.

Wala tusidhani ngurumo hizi ni za Ulaya pekee. Duma, wasanii wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka wa 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Jina lao ni giza kwa Kikuyu, si yule mnyama.) Hao hawachekeshi, ila nao hutuacha bila ujumbe wa kunukuu.

Tunasema "fani na maudhui", kisha fani tunaifanya chungu cha kubebea maudhui. Nimewasikiliza Gutalax juma zima nikisaka dhamira. Nimeambulia kucheka.