Dalali wa Hisa Apimwe kwa Kazi Yake

Tangu Januari 2021, walimu wengi wa umma nchini hukatwa sehemu ya mshahara kuchangia hazina ya pensheni. Hazina kama hiyo inunuapo hisa, meneja wake wa uwekezaji humtumia dalali aliyesajiliwa, na ada ya dalali hutoka katika akiba ya wanachama.

Je, dalali huyo huchaguliwa kwa vigezo gani? Ada nafuu haitoshi. Mnunuzi mkubwa humhitaji dalali awezaye kununua hisa nyingi bila kupandisha bei, atunzaye siri ya mteja na atoaye uchambuzi wa kuaminika. Lakini huduma zote zikifungwa katika ada moja, ni muhali kujua kilicholipiwa. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba kuanzia mwaka 2018 uchambuzi ulipiwe kando, ingawa baadaye ulilegeza kanuni hiyo.

Uthabiti wa dalali nao upimwe: mwaka 2008 kampuni ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria, wateja wakihangaikia mali yao.

Basi wadhamini wa hazina wawaeleze wanachama, kwa lugha inayoeleweka, ni dalali yupi aliyelipwa, kiasi gani na kwa kazi ipi. Mali bila daftari hupotea bila habari.