Waridi la Naivasha lizaliwe Kenya

Kata macho mawili kwenye tawi moja la mwaridi. La kwanza lipandikize juu ya shina la Natal Briar, ulikuze Thika, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. La pili lipandikize juu ya shina la aina hiyohiyo, ulipeleke Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako kuna mashamba yaliyo mita 2,400 na zaidi. Kijeni, miti hiyo miwili ni mti mmoja. Hata hivyo wa Thika utatoa maua upesi, yenye vichwa vidogo na mashina membamba. Wa Timau utakuchelewesha kwa wiki kadhaa, kisha utakupa kichwa kinene na shina refu linalouzwa bei nyingine kabisa. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilifanya kazi katika nyumba ya majaribio ya waridi huko Naivasha. Vilikuwa vivungulio visivyopeleka maua sokoni. Tulipanda miche isiyo na majina, kila safu na namba yake kwenye kibandiko, tukapima urefu wa shina, tukahesabu petali, tukaandika ua limekaa siku ngapi chomboni kabla ya kuinamisha shingo. Wenye miche walikuja kutoka Ulaya, wakapita kati ya matuta na daftari zetu mikononi, wakaonyesha namba za kubaki na namba za kung'olewa. Iliyobaki ilipewa jina na cheti. Baada ya hapo kila mkulima aliyeipanda alilipa mrabaha kwa mwenye aina hiyo, na hekta moja hubeba miche 60,000 au zaidi.

Sina kinyongo na watu hao. Wanaijua kazi yao, na wanastahili kulipwa kwa miaka minane au kumi waliyoigharimia aina moja. Ninachodai ni kwamba Kenya, nchi iliyo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa waridi duniani, inapaswa kuzalisha aina zake, kwa fedha za umma, mahali pa umma.

Watu wengi hudhani ubora wa maua yetu unatokana na udongo wa bonde, au maji ya ziwa. Mashamba mengi siku hizi hayapandi hata kwenye udongo. Miti inakua katika pumisi au makapi ya nazi, na chakula chake kinachanganywa kwenye matangi. Utajiri wetu uko juu, hewani. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Tuko kwenye mwinuko, kwa hiyo usiku ni wa baridi. Jua la mchana linautengenezea mmea sukari, na usiku wa baridi unauzuia kuitumia yote kwa kupumua. Tumba linakua polepole, petali zinapata muda wa kuongezeka. Ulaya hali hiyo hutafutwa kwa taa na mashine za kupasha joto. Sisi tunaipata bure.

Lakini mazingira hayawezi kuupa mmea kitu ambacho jeni zake hazina. Mwezi wa Julai, baridi inapokaza, angalia waridi jekundu. Baridi ya usiku na miale ya urujuanimno, ambayo ni mikali kwenye mwinuko, huzidisha rangi katika ngozi ya petali, mpaka kingo zinakuwa nyeusi kana kwamba zimeungua. Nimewahi kupanda aina mbili nyekundu kwenye matuta yanayopakana, maji yaleyale, mbolea ileile. Moja ilikuwa nyeusi pembeni na nusu yake ikatupwa pakihausi. Nyingine haikubadilika. Baridi ilikuwa moja; kilichotofautiana ni urithi. Wakulima hununua nailoni ya bei ghali inayozuia miale hiyo ili kuokoa aina ambayo, kwa maoni yangu, haikupasa kuteuliwa kwa ajili ya nyanda zetu.

Na ilichaguliwaje? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Misalaba mingi ya waridi la biashara, yaani kuchavusha aina moja kwa nyingine ili kupata mpya, hufanyiwa Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa. Mbegu huoteshwa huko, na mchujo wa kwanza, ule unaotupa miche mingi kuliko yote, hufanyika huko, chini ya vioo, kwenye joto lililopangwa na hewa iliyoongezwa kaboni dioksidi. Ni ile michache iliyofaulu kule ndiyo inayopandishwa ndege kuja kujaribiwa Naivasha au Timau. Mche uliokuwa na uwezo wa kustahimili Julai ya Molo, lakini ukanyong'onyea chini ya taa za Uholanzi, ulitupwa kabla hatujauona. Makampuni yalijenga nyumba za majaribio huku kwa kuwa yaligundua kwamba mshindi wa kule si lazima awe mshindi wa huku. Waliligundua jambo hilo, wakalitatua nusu. Nusu nyingine ni yetu.

Nieleze kidogo kwa nini mchujo huo wa kwanza ni mkubwa hivyo. Nyuma ya nyumba yangu Gilgil huwa nachavusha mwenyewe. Asubuhi, kabla tumba halijafunguka, unalivua petali zote, unaondoa stameni kwa kibano kabla hazijamwaga chavua, kisha unalifunika kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake stigma inakuwa na utelezi. Unaipaka chavua ya mti uliouchagua kuwa baba, kwa brashi ndogo au kwa ncha ya kidole. Ikishika, kitako cha ua kinavimba kuwa tunda, na baada ya miezi minne hivi linapata rangi ya chungwa. Mbegu zake hazioti zikipandwa vivi hivi. Zina kumbukumbu ya majira ya baridi ya huko walikotoka wazazi wao, na lazima zikae kwenye baridi na unyevu kwa majuma kadhaa. Pamba iliyoloweshwa ndani ya friji ya jikoni inatosha.

Zikiota, kila mche una lake. Huyu mrefu, yule mfupi, huyu miiba tele, yule karibu hana. Binadamu ana seti mbili za kromosomu, lakini mwaridi wa kukatwa kwa kawaida una seti nne za saba saba, jumla 28. Sifa inayojificha haionekani mpaka nakala zote nne zikutane kwenye mche mmoja. Kama kila mzazi ana nakala mbili za sifa hiyo na mbili za kuificha, ni mche mmoja tu kati ya 36 utakaoionyesha. Ukitaka sifa tatu za namna hiyo kwa pamoja, kila moja ikirithiwa peke yake, unatafuta mche mmoja kati ya 46,656. Basi anayetupa miche ndiye mwenye uamuzi mkubwa, na anaamua kwa kadiri ya hali ya hewa iliyo mbele yake siku hiyo.

Historia ya waridi imejaa maamuzi ya namna hiyo. Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya ilichanua mara moja kwa mwaka, basi. Hata leo waridi la Jabal Akhdar huko Oman, lile linalokamuliwa marashi, huchanua kwa wiki chache tu za majira ya kuchipua, ingawa vijiji vyake viko kwenye mwinuko unaokaribia wa Naivasha. Huko kuna majira ya baridi, na jeni za waridi hilo zinayatii. Miwaridi ya kuchanua mfululizo ilitoka Uchina, ikafika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Wanasayansi wamekwisha kuonyesha kwamba jeni inayozuia maua ilivurugwa ndani ya miwaridi hiyo na kipande cha DNA kilichojipachika katikati yake. Breki ikakatika, mmea ukawa hauachi kutoa tumba. Biashara yetu yote ya mwaka mzima, mishahara ya Karagita na Kongoni huko Naivasha, imekaa juu ya jeni hiyo moja iliyoharibika.

Rangi ya manjano nayo ina kisa chake. Mwaka 1900 Mfaransa Joseph Pernet-Ducher alitoa waridi liitwalo Soleil d'Or, baada ya kulisalibisha waridi la manjano la Uajemi. Rangi hiyo ilienea katika uzao wa waridi la kisasa, na pamoja nayo udhaifu mbele ya ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Harufu ilipotea kwa njia nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha waridi lenye harufu, Papa Meilland, na Rouge Meilland lisilo na harufu, wakagundua kimeng'enya kinachotengeneza sehemu muhimu ya manukato hayo. Katika lile lisilonukia kilikuwa kimezimika. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuiua harufu. Watu waliteua mashina marefu na maua yanayodumu chomboni wiki mbili, wakaacha kunusa. Nashika mamia ya mawaridi ya kuuza nje na sisikii kitu puani, na jambo hilo hunisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Najua jibu nitakalopewa: kwamba kazi hii ni ya gharama, inataka miaka, na Wazungu wametutangulia kwa karne mbili. Tafadhali tazameni kahawa. Ugonjwa wa chulebuni ulipokuwa ukimaliza mashamba, watafiti wa Ruiru walitafuta ukinzani, wakausalibisha na ladha, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha ua la kahawa kwa mkono, na wanaoifanya kazi hiyo ni Wakenya. Mwaka 2010 ikafuata Batian. Tazameni chai: Kericho walitumia zaidi ya miaka 20 wakatoa, mwaka 2011, chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo wekundu wa jani lake unatokana na jamii ileile ya rangi iliyo katika petali za waridi jekundu. Tuliyaweza hayo kwa mazao tuliyoletewa na wakoloni. Waridi lina ugumu gani wa pekee?

Sheria nayo haituzuii. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa UPOV wa kulinda aina mpya za mimea tangu 1999, na KEPHIS, idara ya serikali ya ukaguzi wa afya ya mimea, ndiyo inayosajili aina hizo hapa nchini. Wengi wanaujua mkataba huo kwa upande wake wa makatazo tu: usizidishe miche ya mwenzako, usiiuze. Lakini mkataba huohuo unaruhusu mtu yeyote kutumia aina iliyolindwa kama mzazi wa aina mpya bila kumwomba mwenyewe ruhusa, mradi anachokitoa kisiwe ile aina yenyewe iliyobadilika kidogo. Maana yake, chavua ya waridi bora lililoko Naivasha leo iko wazi kwetu. Na jirani yetu Ethiopia ana mwaridi wa mwituni, Rosa abyssinica, wenye maua meupe ya petali tano yanayonukia, uliozoea nyanda za juu za kitropiki tangu enzi na enzi. Kuuingiza kwenye uzao wa kisasa kunataka makubaliano na wenyewe na vizazi kadhaa vya kusalibisha. Ni kazi ya taasisi ya umma hasa, kwa sababu kampuni inayongoja faida ya karibu haitaigusa.

Ninapendekeza ianzie Chuo Kikuu cha Egerton. Kiko Njoro, penye mwinuko na baridi, katikati ya nchi ya maua, na kinafundisha kilimo tangu enzi za ukoloni. Miche yote ichujwe huko kwanza, kisha ile bora ipandwe Thika na Timau kwa wakati mmoja, maana ukipima sehemu moja tu hutajua ulichokisifu ni jeni au ni hali ya hewa ya mahali. Fedha zitokane na ushuru mdogo wa kila shina linalosafirishwa, kama wakulima wa kahawa walivyochangia utafiti wao. Wenye mashamba wakae kwenye kamati ya uteuzi na watumie aina zitakazopatikana kwa mrabaha nafuu. Na wachukuliwe wafanyakazi wa nyumba za majaribio. Katika vivungulio vya Naivasha kuna wanawake wanaoweza kukuambia, kwa kuutazama mche wiki ya sita, kama utavumilia ubwiri unga au la. Kwenye hati za usajili majina yao hayamo. Aina ya Njoro itakapopelekwa KEPHIS, yaandikwe.

Hatuhitaji hata kungoja msimu. Mzalishaji wa aina za waridi wa Ulaya anategemea majira ya joto ili matunda yake yaive. Hapa tumba zinapatikana kila wiki ya mwaka. Msalaba utakaofanywa Njoro mwezi huu utakuwa na mbegu baada ya miezi minne hivi, na miche yake itatoa ua la kwanza miezi michache baada ya kutoka kwenye friji. Kinachokosekana ni kifungu katika bajeti, na Bunge ndilo lenye kalamu hiyo.