Tuwavushe Vijana Wanaoingia Kidato cha Tano

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, visiwa vyetu hujaa furaha na majonzi kwa wakati mmoja. Wazee wa waliofaulu hupokea pongezi misikitini, sokoni na bandarini, na viongozi wa wilaya huhesabu ni vijana wangapi waliopata sifa ya kuendelea. Baada ya hapo mazungumzo huzimika. Hayafufuki tena mpaka yatoke matokeo ya Kidato cha Sita, ndipo tunapoanza kuulizana imekuwaje kijana aliyeng'ara juzi leo amerudi na alama za kusikitisha. Kwa maoni yetu, jibu la swali hilo tusilitafute katika chumba cha mtihani wa mwisho. Tulitafute katika miezi ya kwanza ya Kidato cha Tano, na katika miezi inayoitangulia.

Wazee wengi huamini kwamba Kidato cha Tano ni ngazi moja tu juu ya Kidato cha Nne, kama vile Kidato cha Tatu kilivyo juu ya cha Pili. Imani hiyo si sahihi. Kipimo chenyewe hubadilika. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, mwanafunzi aliyepata alama 45 huandikiwa C, na aliyepata 30 huandikiwa D na kuhesabiwa kuwa amefaulu. Katika mtihani wa Kidato cha Sita, alama hizo 45 ni E, na 30 ni F. Aidha, daraja la Kidato cha Nne hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hivyo udhaifu wa somo moja huweza kufunikwa na mengine. Kidato cha Sita humhukumu mwanafunzi kwa masomo matatu ya tahasusi yake, na kwa hayo matatu hana pa kujificha.

Hesabu ya kuingia chuo kikuu nayo ni ile ile ya ukali. Kwa utaratibu wa jumla, mwombaji hutakiwa kufaulu masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Mwenye E mbili ana pointi 2 tu. Basi kijana anayeendelea kusoma kwa juhudi ile ile iliyompa C za Kidato cha Nne, akadhani kuwa anakwenda vyema, anaweza kufika mwisho wa safari akakuta mlango umefungwa, wala hakuna aliyemwambia mapema.

Masomo yenyewe pia hubadilika sura. Mwanafunzi wa uchumi huanza somo ambalo kwa kawaida hakulisoma kabisa alipokuwa Kidato cha Nne. Mwanafunzi wa hisabati hukutana na kalkulasi katika kina asichokizoea, na wa fizikia huona kwamba bila ya hisabati imara hawezi kupiga hatua. Aliyezoea katika historia kutaja sababu sita na kuzieleza moja baada ya nyingine, sasa hutakiwa kupima sababu ipi ina uzito zaidi na kuitetea hoja yake. Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani tunaielewa tofauti hiyo. Mtoto huanza kwa kuhifadhi, na kuhifadhi ni msingi mwema. Lakini akifika kwenye darasa za tafsiri na fikihi, mwalimu humtaka afahamu na alinganishe. Kidato cha Tano ndipo skuli inapomtaka mwanafunzi avuke kutoka kuhifadhi hadi kufahamu. Wengi hawajui kwamba mto huo upo mpaka wamekwisha kulowa.

Juu ya hayo lipo suala la lugha. Watoto wetu hulelewa kwa Kiswahili na huanza skuli kwa Kiswahili. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu Darasa la Tano, na skuli za sekondari zimekuwa zikifundisha kwa lugha hiyo. Pamoja na hayo, kila mwalimu mkweli anajua kwamba darasani maelezo mengi hutolewa kwa Kiswahili ili wanafunzi wafahamu. Hatumlaumu mwalimu huyo. Lakini mwanafunzi akifika Kidato cha Tano anakabidhiwa vitabu vinene vya Kiingereza avisome peke yake na kuandika insha ndefu kwa lugha hiyo. Hapo asiyeweza somo na asiyeweza lugha huonekana kuwa mtu mmoja, na pengine hujiona hivyo yeye mwenyewe.

Tumfikirie sasa kijana atokaye Kojani au Tumbatu. Ili apate masomo ya juu hana budi kuvuka kwa chombo na kuhamia kwa jamaa au dahalia. Skuli aliyokuwa wa kwanza darasani ameiacha nyuma; sasa amekaa miongoni mwa wenzake ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Akipata mtihani wa majaribio alama 20, hudhani amefika mwisho wa akili yake. Ikiwa ni msichana anayekaa kwa jamaa, aghalabu hupokea pia jiko na watoto wa nyumba, na huanza kudurusu watu wakiwa wamekwisha lala. Akishuka zaidi, hutokea mtu wa kusema kwamba masomo yamemshinda na ni bora aolewe.

Wapo wasemao kwamba masomo ya juu ni chekecheke na mwenye uwezo atajitokeza mwenyewe. Hoja hiyo ingekubalika kama chekecheke lingekuwa linapima uwezo. Lakini linapowabakisha wenye umeme, vitabu na mtu wa kuwasomesha nyumbani, likawaangusha wengine wenye akili ile ile, huwa linapima nyumba ya mzazi. Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba, 1964, kusudio lilikuwa kuondoa kipimo cha namna hiyo. Haifai kirudi kwa mlango wa nyuma.

Tunapendekeza nini? Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na masomo ya Kidato cha Tano huanza katikati ya mwaka unaofuata. Muda huo wote kijana hana daftari mkononi. Baadhi huingia uvuvini, wengine hupata vibarua katika mahoteli ya pwani, na aliyekwisha onja mshahara ni vigumu kumrejesha. Wizara yenye dhamana ya elimu iandae masomo ya matayarisho katika kila wilaya mara tu matokeo yanapotoka: Kiingereza cha kusomea na kuandikia, hisabati, na maelezo ya kila tahasusi na kazi zinazotokana nayo. Tunatambua kwamba baadhi ya skuli zimekuwa na mikondo miwili na madarasa huweza kuwa haba. Hata hivyo, jioni chache kwa wiki zinaweza kupatikana bila ya jengo jipya, mradi ratiba isigongane na vyuo vya Kurani.

Pili, walimu wa Kidato cha Tano wawaeleze wanafunzi na wazee wao, katika wiki ya kwanza, jinsi alama zinavyohesabiwa. Mtihani wa kwanza utumike kumwonesha mwanafunzi alipo, usitumike kumvunja moyo. Tatu, nafasi za dahalia zitolewe kwanza kwa watokao visiwa vidogo na vijiji vya mbali, wasichana wakitangulizwa. Nne, masheha wawajue kwa majina vijana wa shehia zao walioko masomo ya juu, na wawatembelee wazee wao kabla kijana hajaacha skuli. Wazee na jamaa wanaowapokea wanafunzi wawaachie saa za kudurusu. Hiyo ni sadaka isiyohitaji fedha.

Kwa vijana wenyewe, neno letu ni fupi. Alama mbaya za muhula wa kwanza huwapata wengi, hata wale wanaokuja kuwa madaktari na wahandisi. Aliyeshindwa na aende kwa mwalimu siku ile ile, akae na wenzake wadurusu pamoja, aisome mada kabla haijafundishwa. Muda hautoshi miaka miwili kamili, kwa kuwa mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Vijana hawa hawajayafika, lakini sisi viongozi, walimu na wazee tumekwisha yaona. Ni wajibu wetu kuwaambia kina chake kabla hawajaingia.