Motokaa ya Paa la Turubali: Anasa au Chombo cha Kazi?

Swali nimeulizwa mara nyingi na vijana walioajiriwa bandarini na mahotelini, na juzi likaulizwa na mwalimu wa shule ambaye si kijana tena. Je, mtu wa mshahara wa kawaida aweza kununua motokaa ndogo ya wazi, ile ya viti viwili na paa la kukunja, akaitumia kila siku kwendea kazini bila ya kufilisika? Wazee wengi hujibu upesi kwamba hiyo ni israfu. Mimi naona jawabu hilo hutolewa kabla ya hesabu kupigwa.

Motokaa za namna hii hapo kale zilikuwa ufundi wa Waingereza. MGB, iliyo mashuhuri kupita zote, ilitengenezwa tangu 1962 hadi 1980. Sifa ya kundi lile zima ilikuwa raha barabarani, na lawama yake ilikuwa oili inayovuja na umeme usioaminika. Aliyeimiliki ilimbidi awe rafiki wa fundi. Kisha mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari wa Kimarekani, Bob Hall, alimshauri Kenichi Yamamoto wa kampuni ya Mazda kwamba Wajapani wajaribu kuunda chombo kama kile, chepesi na cha bei nafuu. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1989 motokaa yenyewe ikaonyeshwa Chicago kwa jina la MX-5. Kwao Japani leo huitwa Roadster. Kufikia 2016 zilikuwa zimeundwa milioni moja, na hapana motokaa nyingine ya michezo ya viti viwili iliyopata kuuzwa kwa wingi huo.

Sababu yake ndiyo kiini cha maneno yangu. Raha ya motokaa hii haitokani na nguvu. Ya sasa, iliyoanza kuuzwa 2015, ina injini ya sisi 1500 na nguvu-farasi 130 hivi, ambazo hazimtishi mtu. Ila uzito wake ilipoanza kuuzwa, ile ya kawaida kabisa, ulikuwa kilo 990 tu. Wepesi huo ndio unaoifanya igeuke pale usukani unapogeuka, na Wajapani wana msemo wao kwamba farasi na mpandaji wawe kitu kimoja. Sisi wa pwani tungesema nahodha na ngalawa yake. Na wepesi huohuo ndio unaopunguza petroli, ukazipa pumzi tairi na breki. Kwa hiyo mambo mawili ambayo watu hudhani yanapingana, raha na gharama ndogo, hapa yametoka tumbo moja.

Sasa tuje nyumbani. Anayesoma magazeti ya Uingereza au Marekani ataambiwa anunue moja ya miaka ya 1990 kwa pesa kidogo. Ushauri huo kwetu haufai kitu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyozidi miaka minane, wala yenye usukani wa kushoto. Mwaka 2025, kwa mfano, iliyosajiliwa kabla ya 2018 haikupita. Rahisi tukaisahau, na zile za Dubai zenye usukani wa kushoto tukaziacha hukohuko. Inabaki Japani, na hata Japani chaguo limepungua. Honda S660, kidogo cha sisi 660, iliachwa kuundwa 2022. Paa lake huviringishwa kwa mkono na kutiwa kisanduku cha mbele, na ukishalitia huna pa kuweka hata kikapu cha sokoni. Daihatsu Copen nayo ni ya sisi 660, na paa lake la bati hukunjwa kwa umeme likaingia kwenye buti. Inapendeza machoni, walakini siku mtambo ule ukikwama mvua ikinyesha, nani Kongowea ataufungua?

Ndiyo maana naipendelea Roadster ya turubali. Paa lake hufungwa kwa mkono mmoja, dereva akiwa kitini, kabla taa za barabarani hazijawa kijani. Kisichokuwa na mota hakiunguzi mota. Tena injini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya Mazda Axela ya sisi 1500, ambayo mafundi wetu wanaijua vyema. Na kwa kuwa haizidi sisi 1500, ushuru wa bidhaa ni mdogo kuliko wa dada yake, RF, yenye injini ya sisi 2000 na paa gumu la umeme. Mtu akikushawishi uchukue RF kwa kuwa ni imara zaidi, mwombe akulipie hiyo tofauti.

Lakini chombo kizuri cha Hiroshima si lazima kiwe kizuri cha Kisauni. Chini yake pana nafasi ya sentimita 14 hivi, na matuta ya mitaani kwetu yamejengwa na watu wenye hasira. Haina tairi ya akiba. Umewekewa pampu na chupa ya gundi, na gundi haizibi tairi iliyopasuliwa na shimo. Buti ni lita 130, mikoba miwili ya safari basi, na gunia la mchele litaketi kiti cha abiria na kufungwa mkanda. Jua la adhuhuri litakulazimisha ufunge paa. Saa zake hasa ni baada ya Alasiri, na mama mwenye buibui atakwambia mwenyewe anavyouonaje upepo ule. Mwenye watoto na asiye na gari jingine nyumbani, nasema wazi, asiinunue. Ikizuka safari ya maziko Kwale, ataazima.

Jambo jingine ni malipo. Tangu 2008 nchini mna benki za Kiislamu zinazouza kwa murabaha. Benki hununua motokaa, kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, nawe ukalipa kidogo kidogo. Bei haipandi, kweli, wala haipungui kwa kuwa motokaa imelala gereji miezi miwili ikingoja taa au turubali kutoka ng'ambo. Vipuri vya injini utavipata mjini. Vya bodi utaagiza. Basi weka akiba ya kuagizia kabla hujatia saini.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni kutu. Maji ya mvua yanayoteremka paani hupita kwenye mifereji midogo nyuma ya viti, kisha hutokea chini ya gari, mbele ya magurudumu ya nyuma. Ukiegesha chini ya mwarobaini, kama tufanyavyo sote, majani yale membamba huziba mifereji. Maji hayo yakikosa njia huingia ndani ya vizingiti vya milango, na hewa yetu ya chumvi humalizia kazi. Motokaa hii isifishwe kwa uaminifu wa injini peke yake. Ioshwe kwa maji ya mfereji, si ya kisima cha chumvi, na mifereji isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli.

Ukienda yadi, chukua chupa ya maji. Fungua paa nusu, mimina polepole kwenye tundu la nyuma ya kiti, upande mmoja kisha wa pili, na mwenzako achungulie chini. Maji yasipotoka upesi, inua zulia uguse kwa mkono. Likiwa na unyevu, muuzaji atakwambia imeoshwa asubuhi. Nenda yadi ya pili.