Umilisi Usiopimwa kwa Kalamu

Sisi wanaisimu tumezoea kutenganisha umilisi na utendaji. Wenzetu wa tiba wameviunganisha. Mwaka 1999, ACGME, baraza linalosimamia mafunzo ya madaktari bingwa nchini Marekani, liliidhinisha nyanja sita za umilisi ambazo kila mwanagenzi, wa macho akiwamo, hana budi kuzidhihirisha. Mojawapo ndiyo inayonishughulisha: kuuelewa mfumo wa afya na kuutumia kwa manufaa ya mgonjwa.

Huenda msomaji akauliza, daktari wa macho ana haja gani na mfumo, ilhali kazi yake i katika jicho? Tuchukue mfano wa bibi kizee wa Kwale mwenye mtoto wa jicho. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hauzidi saa moja. Lakini kabla ya kuufikia atahitaji nauli, mtu wa kumshika mkono, barua ya rufaa, na usajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Aidha, tangu 2013 zahanati ya kijijini iko chini ya kaunti, ilhali hospitali za rufaa za kitaifa ziko chini ya serikali kuu. Barua moja, serikali mbili! Na huyo ana nafuu, kwani mtoto wa jicho huweza kuondolewa hata baada ya kuchelewa. Mwenye glakoma akikosa dawa ya matone, nuru anayoipoteza hairudi.

Mtihani wa kuchagua jibu sahihi haupimi haya. Kwa mtazamo wangu, mwanagenzi apewe mgonjwa mmoja, aifuate safari yake kutoka zahanati hadi kliniki ya marejeo, aeleze alikwama wapi na kwa nini, kisha atuzwe alama kwa kizuizi alichosaidia kukiondoa. Ni kweli kwamba hana mamlaka ya kuubadilisha mfumo. Hata hivyo, anaweza kujua kwamba mgonjwa wake hakuja kwa kuwa siku ya kliniki haina gari.

Hapa ndipo ninapowageukia wanakiswahili. Daktari asemapo “presha ya macho”, mgonjwa anayemeza dawa ya shinikizo la damu anaweza kudhani kwamba tayari anatibiwa, akaenda zake nyumbani. Idara zetu zinafunza tafsiri na istilahi. Je, ni nani anayemtahini daktari katika sentensi hiyo moja?